Mpwa wangu anaweza kumaliza Stanford mwaka mmoja mapema. Amalize au abaki?

#1 Mjomba_Kisauni
Assalam aleikum wanajamvi. Nawataka wanaozijua hesabu hizi kwa undani. Mpwa wangu anasoma sayansi ya kompyuta Stanford, viza F-1 ya mwanafunzi, pasipoti ya Kenya. Aliingia Septemba 2024 na sasa anamalizia mwaka wa pili. Darasani ameshakusanya yuniti 102, na 20 nyingine alipewa kwa mitihani ya IB, ile ya kimataifa ya kumaliza sekondari, aliyofanyia Mombasa. Digrii inataka 180, kwa hiyo zimebaki 58. Kota moja, yaani muhula wa robo mwaka, mwisho ni yuniti 20. Mwenyewe asema Juni 2027 aweza kuwa nje badala ya Juni 2028. Dai langu ni hili: mwenye uwezo wa kumaliza mapema akibaki, anatupa mwaka wa kazi na mshahara. Anayepinga aje na hoja.

#2 KaraniWaYuniti
Waaleikum salaam mjomba. 58 kwa kota tatu ni zaidi ya 19 kila kota, tena bila kuanguka kozi hata moja. Inaruhusiwa. Ila kota ni wiki kumi tu za masomo. Mwanafunzi akiumwa wiki ya tano amepoteza sehemu kubwa ya kozi, na akiiacha kozi moja ya yuniti 5, hiyo Juni 2027 imekufa.

Pia jumla ya yuniti ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokwamisha watu ni mnyororo wa masharti. Kwa sayansi ya kompyuta pale, CS 106B hutangulia 107, na 107 hutangulia 111. Upande wa pili, 103 na 109 hutangulia 161. Halafu upo mradi wa mwisho. Akitaka CS 210, ile ya kufanya kazi na kampuni, inachukua kota mbili mfululizo, Januari hadi Juni. Kwa mpango wa Juni 2027 itabidi ianze Januari 2027, wakati huohuo ana yuniti nyingine 15 mgongoni.

Juu ya hayo kuna kozi za Ways, zile za elimu ya jumla, 11 katika maeneo 8. Yuniti za IB zinaingia kwenye 180 lakini haziwezi kuziba Ways hata moja. PWR 2, kozi ya pili ya uandishi, je, ameshafanya? Sharti la lugha ya kigeni?

Achukue karatasi achore safu tatu, moja kwa kila kota. Kwanza aandike kozi ambazo hazihami, yaani zile zinazofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Pili aandike zenye masharti ya kutangulia. Ways ziingie mwisho kwenye nafasi zilizobaki. Akiona safu moja ina kozi tatu nzito za kuandika programu, basi mpango huo hautembei, hata kama hesabu ya yuniti imetimia.

#3 Mlangoni
Kabla ya yote, nani analipa?

#4 Mjomba_Kisauni
Chuo kinalipa sehemu kubwa sana. Familia inaongeza kidogo kila kota. PWR zote mbili amemaliza. Lugha bado.

#5 Mlangoni
Basi nusu ya hoja yako imeanguka, mzee. Kwa familia inayolipa kila kitu mfukoni, mwaka wa nne pale ni zaidi ya dola 60,000 kwa ada peke yake, kabla ya chumba na chakula. Huyo akimaliza mapema ameokoa pesa za kweli. Lakini msaada wa Stanford kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupangwa kwa kota 12. Mpwa wako akitumia 9, zile 3 hazigeuzwi kuwa fedha taslimu wala hazimfuati uzamili kwingine. Anayeokoa ni chuo. Familia inaokoa kile kidogo tu inachoongeza. Weka tarakimu hiyo mezani ndipo tuzungumze.

#6 ZuhuraF1
Nitagusa viza tu, maana hapo ndipo vijana wetu huumia.

Akiamua kumaliza mapema, DSO, yule afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni, lazima afupishe tarehe ya mwisho kwenye I-20, hati yake ya uanafunzi. Tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kwa kila kitu kinachofuata. Ombi la OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya kumaliza, linaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe hiyo hadi siku 60 baada yake. Na DSO akishaweka pendekezo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, USCIS, idara ya uhamiaji, lazima iwe imepokea ombi ndani ya siku 30. Wengi wanazikumbuka zile 90 na 60, hii 30 wanaisahau, ombi linakataliwa.

OPT ni miezi 12, na fani yake inampa nyongeza ya miezi 24. Katika ile miezi 12 haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Akipata nyongeza, jumla yake huwa 150. Kwa hiyo kumaliza Juni 2027 bila barua ya kazi mkononi ni kuanza kuhesabiwa siku. Mwanafunzi anayebaki darasani hahesabiwi.

#7 Nahodha_wa_Lamu
Nyote mmekosea kuwaza Juni na Juni. Amalize Desemba 2027. 58 kwa kota nne ni 14 na nusu, mzigo wa kawaida kabisa. Tena anajiongezea bahati nasibu moja ya H-1B, viza ya kazi.

#8 ZuhuraF1
Hapo kwenye bahati nasibu nakusahihisha, nahodha. Usajili wa H-1B hufanyika Machi. Hesabu:

Akimaliza Juni 2027, OPT na nyongeza yake vinaishia katikati ya 2030. Machi anazopata ni 2028, 2029, 2030. Tatu.
Akimaliza Desemba 2027 na OPT ikaanza kwa kuchelewa kabisa, Februari 2028, inaishia Februari 2031. Machi ni 2028, 2029, 2030. Tatu.
Akimaliza Juni 2028, ni 2029, 2030, 2031. Tatu vilevile.

Desemba haimwongezei kitu kwa upande huo.

#9 KaraniWaYuniti
Nahodha ametoswa baharini mchana kweupe.

#10 Nahodha_wa_Lamu
Nimepokea, lakini sijazama. Hebu nihesabieni Machi 2028, mwisho wa kota ya baridi. Amemaliza masharti yote Machi, mwajiri amemsajili Machi hiyohiyo, na ombi lenyewe linapelekwa kuanzia Aprili, wakati barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza ipo. OPT inaanza Mei 2028 na pamoja na nyongeza inafika Mei 2031. Sasa ni 2028, 2029, 2030, 2031. Nne!

#11 ZuhuraF1
Hiyo naikubali kwa masharti mawili. Kwanza, awe na mwajiri aliye tayari kumsajili kabla hajaanza hata siku moja ya kazi, na waajiri wengi hungoja mwaka. Pili, siku ombi linapowasilishwa awe amekwisha kustahili digrii, na barua hiyo itoke ofisi ya msajili wa chuo, siyo kwa mwalimu. Wakili wa mwajiri ndiye atakayeamua kama inamtosha.

Mjue pia kwamba nafasi ni 65,000 za kawaida na 20,000 za wenye uzamili wa Marekani. Na Septemba 2025 ilitolewa amri ya rais ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Kwa hiyo kubadilisha hadhi, kutoka F-1 kwenda H-1B, akiwa ndani ya Marekani kumekuwa na thamani kuliko zamani. Kosa la tarehe linalomlazimisha kutoka linaweza kuwa ghali mno.

#12 FundiMsimbo
Mnajadili viza kana kwamba kazi iko tayari. Tuanze na namna kazi zinavyopatikana.

Kwenye fani hii kampuni huajiri kupitia intaneshipu za kiangazi. Anayefanya vizuri huitwa tena kwa kazi ya kudumu. Kiangazi kinachobeba uzito ni kile cha kabla ya mwaka wa mwisho. Mpwa akimaliza Juni 2027, kiangazi hicho ni cha 2026, yaani mwezi ujao. Nafasi za 2026 ziliombwa msimu wa vuli uliopita, na CV yake lazima ilisema anamaliza 2028. Mwajiri amempanga kama mtu wa kurudi kiangazi kingine. Akibadilisha tarehe, awaandikie kabla hajaripoti, asisubiri wiki ya mwisho. Wapo wanaokubali mara moja, wapo wanaosema bajeti ya kuajiri ya 2027 imeshafungwa.

Na matangazo mengi ya intaneshipu huweka sharti la kurudi darasani baada ya kiangazi. Anayemaliza Juni hana darasa la kurudi. Zaidi ya hapo CPT, ile ruhusa ya kufanya kazi kabla ya kumaliza, inakufa siku ya kumaliza. Kwa hiyo Juni 2027 inamnyima kiangazi kimoja kizima cha kujitangaza. Hapa namuunga mkono nahodha, ingawa kwa sababu nyingine. Akimaliza Desemba 2027 au Machi 2028, kiangazi cha 2027 anakipata, na sharti la kurudi darasani linatimia.

#13 Mama_Tanga
Samahani kuchepuka kidogo. Hilo la lugha ya kigeni mbona hamlijibu? Mtoto wa Mombasa anafundishwa lugha gani ya kigeni zaidi, wakati Kiswahili anakijua?

#14 KaraniWaYuniti
Swali zuri, mama. Stanford wanafundisha Kiswahili, na wana mtihani wa kupima kiwango. Akifaulu kiwango cha mwaka mmoja, sharti la lugha limeondoka. Ila mtihani hauongezi yuniti, unaondoa sharti tu. Kwa mtu anayekimbizana na 58 hilo bado ni faida, maana lugha mpya ingemla kota tatu mfululizo kwa yuniti 5 kila moja. Aandikie ofisi ya lugha za Afrika mapema, huo si mtihani wa kubofya mtandaoni usiku wa manane.

#15 Nahodha_wa_Lamu
Akifeli Kiswahili huyo tutamrudisha Kisauni kwa jahazi.

#16 Mjomba_Kisauni
Hafeli. Bibi yake hakubali jibu la Kiingereza ndani ya nyumba.

#17 Sakafu_ya_Tatu
Hakuna aliyetaja Coterm? Ndiyo njia ya nne, na kwangu ndiyo ya kwanza.

Coterm inamruhusu kuanza uzamili Stanford kabla hajakabidhiwa shahada ya kwanza. Jumla ni yuniti 225, zile 180 na 45 za uzamili. Akiwa na kasi yake ya sasa, masharti ya shahada ya kwanza yanaisha mapema, na kota zilizobaki katika zile 12 anazijaza kozi za uzamili huku bado akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa upande wa msaada. Akiisha kukabidhiwa shahada ya kwanza, mlango huu umefungwa. Itabidi aombe uzamili kama mtu wa nje. Ombi la Coterm liingie angalau kota moja kabla ya ile anayotarajia kumaliza.

Na uzamili unamweka kwenye kapu la zile 20,000. Vilevile OPT hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu, na uzamili ni ngazi mpya.

#18 Mlangoni
Nakubaliana na #17 kwa asilimia kubwa, ila asitegemee mdomo wa rafiki. 225 toa 122 ni 103. Kota 6 za miaka miwili, karibu 17 kila kota, nyingi zikiwa kozi nzito. Kota ya 13 ikihitajika, ada ni ya uzamili na msaada wa shahada ya kwanza haupo. Aende ofisi ya misaada ya fedha, aulize ni kota ipi hasa atahamishiwa kundi la ada ya uzamili, na jibu alipate kwa barua pepe.

#19 Mwana_Ungwana
Mimi napinga msingi wa uzi wenyewe. Mwaka wa nne ndio mwaka ambao mwanafunzi ameshamaliza kozi za lazima na walimu wanamjua. Ndipo anaingia maabara, anafundisha vikundi vya CS 106, anaandika tasnifu ya heshima. Barua za mapendekezo za uzamivu hutoka huko. Maombi mengi ya uzamivu hufungwa Desemba. Akimaliza Juni 2027 na akataka kuendelea moja kwa moja, anaomba Desemba 2026 akiwa na miaka miwili tu ya alama na mwalimu mmoja au wawili wanaomfahamu kwa jina. Mnahesabu mshahara wa mwaka mmoja, hamhesabu kilichomo ndani ya mwaka huo.

#20 Bandarini87
Mwana_Ungwana, hayo yanamfaa anayetaka uzamivu. Mjomba hajasema anataka uzamivu. Kwa anayekwenda kazini, ngoja niongeze hesabu ambayo haijatajwa.

Mwanafunzi wa F-1 hakatwi FICA, ile michango ya hifadhi ya jamii na Medicare, kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo. Makato yenyewe ni asilimia 7.65 ya mshahara. Aliingia Septemba 2024, na 2024 inahesabiwa mwaka mzima hata kama alikaa miezi minne. Kwa hiyo msamaha unaisha 31 Desemba 2028. Akianza kazi katikati ya 2027 anapata mwaka na nusu bila makato hayo. Akianza katikati ya 2028 anapata nusu mwaka. Kwa mshahara wa dola 100,000, tofauti ni 7,650. Na mwajiri naye anaokoa kiasi kama hicho.

#21 Mlangoni
Ni kweli, lakini 7,650 ni ndogo ukilinganisha na mwaka wa chumba, chakula na masomo unaolipiwa na chuo.

#22 Bandarini87
Ongeza na mshahara wenyewe, mkuu. Huwezi kuweka chumba cha bweni upande mmoja wa mzani ukaacha laki moja upande wa pili.

#23 Mlangoni
Laki moja hiyo haipotei, inasogea mwaka mmoja mbele. Kota za bure zikipita hazirudi.

#24 DadaWaOakland
Mnaongea Stanford peke yake, na wengine watasoma uzi huu wakiwa kwingine, kwa hiyo nitaje tofauti. Princeton inahesabu kozi, 31 kwa shahada ya sanaa na 36 kwa uhandisi, na kwa shahada ya sanaa tasnifu ya mwaka wa mwisho haikwepeki, hivyo kufupisha kunagongana na tasnifu. Yale ni krediti 36. Dartmouth ni kozi 35 kwa mfumo wa kota, na AP, mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, haiwapi krediti. Berkeley ni ya umma, yuniti 120, na AP huingia kwa wingi, ndiyo maana kule kumaliza kwa miaka mitatu au mitatu na nusu ni jambo la kila siku. Usichukue ushauri wa Berkeley ukaupeleka Princeton.

Jambo lingine. Kijana wa kwetu aliye na kadi ya kijani au uraia hana habari ya OPT, lakini anaweza kuwa na mikopo ya serikali. Akimaliza, miezi sita baadaye malipo yanaanza. Kwake kila kota aliyopunguza inaweza kupunguza deni moja kwa moja. Hesabu yake ni tofauti na ya mpwa huyu.

#25 Mama_Tanga
Na wa uchumi je? Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuo kingine.

#26 ZuhuraF1
Mama, akatazame namba ya CIP, ile inayotaja fani, kwenye I-20 yake. Uchumi wa jumla, 45.0601, hauna nyongeza ya miezi 24. Uchumi wa kiidadi, 45.0603, unayo. Vyuo vingine vina namba moja, vingine vina zote mbili. Mwenye 45.0601 akimaliza mapema ana miezi 12 tu, basi, na Machi moja pekee ya kusajiliwa. Huyo asiharakishe kabla hajaona namba.

#27 Msafiri_Mrima
Suluhisho rahisi: achukue likizo ya masomo mwaka mmoja, afanye kazi, arudi amalizie. Hapotezi kota wala mshahara.

#28 ZuhuraF1
Hapana, hapana. Hiyo ni kwa raia. Mwenye F-1 akichukua likizo, rekodi yake ya SEVIS inafungwa na ana siku 15 za kuondoka, ikiwa DSO aliidhinisha. Kufanya kazi Marekani wakati huo haruhusiwi. Akikaa nje zaidi ya miezi mitano anarudi kwa I-20 mpya, na lazima asome mwaka mzima wa masomo tena kabla ya kustahili CPT au OPT. Tafadhali hilo lisichukuliwe kama njia.

#29 Msafiri_Mrima
Nimeelewa, ahsante dada. Basi ile kota ya mwisho je, akibakiwa na kozi mbili tu, lazima ajaze yuniti 12 za muda kamili?

#30 ZuhuraF1
Kota ya mwisho anaruhusiwa kusoma pungufu, mradi DSO aidhinishe kabla kota haijaanza na angalau kozi moja iwe ya ana kwa ana. Hatari ni hii: akifeli mojawapo asimalize, kota hiyo haikuwa ya mwisho tena, na ruhusa ile aliipata kwa msingi kwamba ni ya mwisho. Ndiyo maana sipendi watu waache kozi ngumu kabisa iwe ya mwisho.

#31 KaraniWaYuniti
Hilo linagusa mpango wa Machi wa nahodha. 58 kwa kota tano ni 11.6, chini ya 12 za muda kamili. Kwa hiyo kota nne za kwanza achukue angalau 12, ya tano ndiyo ipungue. Kwa vitendo: 14, 12, 12, 12, halafu 8. Ways na mradi vikae kota nne za kwanza. Na CS 210 inakwenda Januari hadi Juni, hivyo mwenye kumaliza Machi 2028 aifanye Januari 2027 au achague mradi wa kota moja.

#32 FundiMsimbo
Na asisahau kuomba kuhitimu kwenye Axess, mfumo wa mtandaoni wa chuo, kabla ya tarehe ya mwisho ya kota husika. Bila ombi hilo hakuna atakayemkabidhi digrii hata akiwa na yuniti 200. Sherehe ni Juni, anaweza kurudi kuvaa joho na wenzake.

#33 Mwana_Ungwana
Akirudi Kenya je? Waajiri wa umma wataomba digrii ya nje itambuliwe rasmi. Miaka mitatu haitaleta maneno?

#34 DadaWaOakland
Cheti hakiandiki ulisoma miaka mingapi. Transkripti inaandika kota, yuniti na mitihani ya nje iliyohesabiwa. Ahifadhi transkripti rasmi pamoja na matokeo ya IB, maana zile yuniti 20 ndizo zitakazoulizwa zilitoka wapi. Wa Tanzania wanaopitia TCU, tume ya vyuo vikuu, wafanye vivyo hivyo.

#35 Mjomba_Kisauni
Shukrani wote. Nimemtumia uzi. Amejibu kwamba Juni 2027 ameiondoa kwa sababu ya #12, mwajiri wake wa kiangazi hiki anamtaka tena 2027. Sasa anazungushwa kati ya Machi 2028 na Coterm. Mimi bado nasimama na Bandarini87, mshahara ni mshahara. Je, akiomba Coterm, akakubaliwa, halafu akabadili nia, anaweza kurudi kwenye Machi 2028?

#36 Sakafu_ya_Tatu
Anaweza kujiondoa kwenye uzamili kabla ya shahada ya kwanza kukabidhiwa. Lakini I-20 itakuwa imeshaguswa, na kila badiliko la tarehe linasogeza dirisha la OPT. Aulize DSO kwanza ndipo abofye chochote.

#37 ZuhuraF1
Na aulize kabla ya Desemba 2027. Kwa kumaliza Machi, zile siku 90 za OPT zinafunguka Desemba hiyo.